Uchawi katika vitabu vya watoto: mzazi anaogopa nini hasa?

Binti yangu alikuwa na miaka tisa alipoleta nyumbani vitabu viwili kutoka maktaba ya shule. Kimoja kilikuwa kinene, na jaladani joka linatema moto huku kijana mwembamba amelinyooshea fimbo. Cha pili kilikuwa chembamba, cha zambarau, kimejaa nyota na miezi midogo, ungedhani ni cha kuchorea. Sikuuliza maswali. Cha joka nilikipandisha juu ya kabati, chembamba nikamwachia.

Siku ya tatu nilimkuta amekaa kitandani, mlango umerudishwa nusu, ameshika kikaratasi kilichokunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi mwekundu. Alikuwa anasoma kwa sauti ya chini. Nilichukua kitabu nikautazama ukurasa aliokuwa ameufungua. Yalikuwa maelekezo: andika jina la mtu unayetaka akupende, kunja karatasi, piga fundo, tamka maneno haya mara tatu kabla ya kulala, na usimwambie mtu yeyote. Kitabu kizima kilikuwa hivyo, ukurasa baada ya ukurasa. Kile kinene, nilipokuja kukisoma, kilikuwa hadithi ya yatima anayejifunza kusema kweli hata pale inapomponza.

Nilikuwa nimekifungia kitabu kisicho na ubaya na kukipitisha kile kilichostahili kuulizwa. Naandika makala haya kwa sababu naamini wazazi wengi wenye dini tunakosea hapo hapo: hofu yetu ina msingi, ila tunaielekeza kusiko.

Tangu siku ile nimezungumza na wazazi wengi, Waislamu kwa Wakristo, na walimu pia. Mazungumzo hukwama mahali pamoja. Mwalimu husema, "Mama, hii ni hadithi tu, mtoto anajua si kweli." Mzazi huondoka hajaridhika, na mara nyingi hawezi hata kueleza kwa nini jibu hilo halikumtosha. Halikumtosha kwa sababu kila mmoja alikuwa anasema lake. Mwalimu anazungumzia hadithi, mzazi anazungumzia kile kilichomo ndani ya hadithi. Mzazi hana wasiwasi kwamba mtoto ataamini kuna shule ya wachawi mahali fulani milimani. Wasiwasi wake ni kwamba uchawi wenyewe, nje ya kitabu, kwake ni jambo la kweli, lenye madhara, na lililokatazwa na Mungu. Kumjibu mtu huyo kwamba ni hadithi tu ni sawa na kumwambia anayehofia mwanawe kuzama kwamba mto uliochorwa kitabuni hauna maji. Ni kweli hauna. Lakini mto wa nje upo, na yeye anauliza kama picha hiyo inamfundisha mwanawe kuuheshimu au kuurukia.

Mkutubi asiyeamini kwamba uchawi upo na mama anayeamini kwamba upo wanaweza wote wawili kuvipenda vitabu kwa moyo mmoja. Wanachotofautiana ni namna dunia ilivyo. Hilo likishasemwa waziwazi, kelele hupungua sana.

Neno moja linalobeba mizigo mingi

Sehemu ya mkanganyiko huu imeletwa na lugha. Vitabu vingi vinavyolalamikiwa viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo neno lake moja, "magic", hubeba mchezo wa kutoa njiwa kofiani, ajabu za hadithi za wanyama wanaosema, na kazi ya kuwaita pepo. Kiswahili hakikuruhusu mambo hayo yalale kitanda kimoja. Tuna mazingaombwe na kiini macho, ambavyo ni ufundi wa kuchezea macho ya watu. Tuna uganga, ambao unaweza kuwa wa mitishamba tu na unaweza kuwa wa kupunga pepo. Tuna ramli kwa anayetafuta kujua yaliyofichika. Tuna sihiri, neno tulilolipata kwa Kiarabu likaja na hukumu yake ya dini. Tuna muujiza, ambao mwenyewe ni Mungu. Na tuna uchawi, na neno hili halichekeshi mtu. Mchawi ni mtu anayesemekana kudhuru wenzake kwa siri, usiku, kwa husuda.

Sasa mtoto wa Kiingereza akisikia habari za mchawi wa kitabuni, picha inayomjia ni ya bibi mwenye kofia ndefu yenye ncha, amepanda ufagio. Ni katuni. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili akisikia "shule ya wachawi" anasikia kitu kizito zaidi, na mzazi wake anasikia kizito maradufu. Kwa hiyo mzazi anayeshtuka si mjinga wala hajapitwa na wakati. Amelisikia neno kwa uzito wake wote. Ila kabla hajakitupa kitabu, ajiulize: kilichomo humu, kwa maneno yetu, ni uchawi, au ni mazingaombwe, au ni ajabu za kubuni kama sungura anayemdanganya fisi? Mara nyingi jibu ni hilo la mwisho.

Vitabu vitakatifu vinakataza nini

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, Wana wa Israeli wanaambiwa asionekane kwao mtu atazamaye bao, wala mwenye kubashiri, wala msihiri, wala alogaye kwa kupiga mafundo, wala apandishaye pepo, wala awaombaye wafu. Waislamu wana Hadithi ya mambo saba yenye kuangamiza, iliyopokewa na wanazuoni Bukhari na Muslim, ambamo sihiri inatajwa mara tu baada ya shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Na katika Suratul Falaq wanajikinga kwa Mwenyezi Mungu na shari ya wanaopulizia mafundoni. Mafundo yametajwa kotekote. Nilipozikumbuka aya hizo niliutazama tena ule uzi mwekundu.

Ukizisoma orodha hizo taratibu utaona kwamba kinachokatazwa ni vitendo: kutazama, kubashiri, kuloga, kupandisha, kuomba wafu. Hakuna panapokatazwa kusimulia kwamba wafanyao hayo wapo, na isingewezekana, maana Maandiko yenyewe yanasimulia. Wachawi wa Firauni wanatupa fimbo zao mbele ya Musa, katika Biblia na katika Kurani. Mfalme Sauli anajigeuza sura, anamwendea usiku mwanamke wa Endori ampandishie Samweli. Sura ya Al-Baqara, aya ya 102, inawataja Harut na Marut kule Babeli, na kwamba hawakumfundisha mtu kabla ya kumwonya kuwa wao ni mtihani. Mtoto anayelelewa katika dini hukutana na uchawi mapema kabisa. Anakutana nao ndani ya simulizi inayomwonyesha nguvu ile ilitoka wapi na iliwafikisha wapi walioitegemea.

Wapo wanaonukuu Matendo ya Mitume, sura ya 19, pale watu wa Efeso walipochoma vitabu vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Ni habari nzito, lakini isomwe yote. Vitabu vile vilikuwa zana za kazi, vya watu waliokuwa wakiufanya uganga huo. Na waliovichoma ni wenye vitabu, kwa hiari yao, baada ya kuungama matendo yao. Hakuna aliyeingia nyumbani kwa jirani kuchukua cha mwenzake.

Hapo ndipo napata kipimo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote: kitabu kinasimulia, au kinaelekeza? Hadithi inasema, "Alinyanyua fimbo, jiwe likapaa." Kitabu cha maelekezo kinasema, "Chukua, funga, tamka." Cha kwanza kinamweka mtoto pembeni akitazama. Cha pili kinamkabidhi uzi. Na tusidanganyike na sura ya bidhaa. Ubao wa Ouija, ambao watu huutumia kuuliza mizimu, ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1891 na kuuzwa kama mchezo wa nyumbani, na baadaye ukaingia katika maduka ya vitu vya watoto pamoja na karata na dama. Kuna anayeuona ni ubao tu unaosukumwa na vidole vya wachezaji wenyewe bila wao kujua, na kuna anayeuona ni mlango. Lakini wote wawili wanakubaliana kwamba mtoto anayeukalia anafanya jambo, hasomi jambo.

Mfululizo uliowasha moto

Huwezi kulijadili hili bila vitabu vya Harry Potter, kijana wa kubuni anayesoma katika shule ya wachawi. Kitabu cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1997, na Marekani mwaka uliofuata. Chama cha Maktaba cha Marekani, ambacho huweka kumbukumbu ya vitabu vinavyoombwa viondolewe rafuni, kiliuweka mfululizo huo juu kabisa ya orodha yake mwaka 1999, 2000, 2001 na 2002, kisha juu ya orodha ya muongo mzima wa 2000 hadi 2009. Mwishoni mwa Desemba 2001 kanisa moja katika mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, liliwasha moto na kuvichoma hadharani.

Hata ndani ya kanisa moja watu hawakuwa na kauli moja. Mwaka 2003 Kardinali Joseph Ratzinger, kabla hajawa Papa, alimwandikia barua mwandishi mmoja Mjerumani kumshukuru kwa kuvikosoa vitabu hivyo, akisema vina vishawishi vinavyofanya kazi kimyakimya na kuupotosha Ukristo rohoni mwa mtoto kabla haujakomaa. Januari 2008, yeye akiwa tayari ni Papa, gazeti la Vatikani L'Osservatore Romano lilichapisha makala mbili pamoja, moja ikivitetea vitabu hivyo na nyingine ikivipinga.

Ukivisoma, utaona ni kwa nini wote wawili wana hoja. Nguvu za wahusika ni za kuzaliwa nazo, kama kipaji cha sauti. Hakuna anayeita pepo ili apate nguvu. Maneno wanayotamka mengi ni Kilatini cha kubuni. Somo la ramli linachekwa, na mwalimu wake kwa sehemu kubwa anaonekana mbabaishaji. Hata hivyo tabiri mbili za mwalimu huyo huyo zinakuja kuwa kweli, na hadithi nzima inasimama juu ya mojawapo ya tabiri hizo. Kwa hiyo anayesema kitabu kinaidharau ramli ana ukurasa wa kuonyesha, na anayesema kinaitukuza anao pia.

Mimi binafsi fimbo hazinisumbui sana. Ninachokitazama kwa makini zaidi ni pale watoto wanapowadanganya wakubwa wao, wakavunja kanuni, kisha wakapewa pongezi kwa kuwa mambo yaliishia vizuri. Hilo mtoto anaweza kuliiga kesho asubuhi bila fimbo yoyote. Nashangaa ni mara chache sana nasikia mzazi akilitaja.

Wazazi wengi Wakristo waliokikataa kitabu hicho waliwapa watoto wao hadithi za Narnia za C. S. Lewis, zilizoanza kutoka mwaka 1950, na za Tolkien, aliyekuwa Mkatoliki wa dhati. Kuna wanaouita huo unafiki. Sidhani. Katika Narnia ajabu zote zina mwenyewe, na mwanadamu anayezitafuta kwa tamaa yake, kama yule mjomba katika kitabu cha mwaka 1955, anaishia kuaibika. Hicho ndicho kipimo cha pili, na hakionekani jaladani: nguvu hii ni ya nani, imepatikanaje, na inamdai nini anayeishika? Hadithi ambayo nguvu ni zawadi yenye wajibu, au kishawishi chenye gharama, inamwambia mtoto jambo ambalo dini yake nayo inamwambia. Hadithi ambayo nguvu ni njia ya mkato ya kupata chochote unachotaka kwa yeyote unayemtaka inampeleka kwingine, hata kama haina mchawi hata mmoja ndani.

Pasipo kipimo hicho, wasiwasi hukamata neno tu. Bridge to Terabithia, kitabu cha mwaka 1977 cha Katherine Paterson, kimelalamikiwa mara kadhaa kwa madai ya uchawi. Paterson alizaliwa China kwa wazazi wamisionari, naye mwenyewe akawa mmisionari Japani. Ndani ya kitabu chake watoto wawili wanajibunia ufalme msituni, kisha mmoja wao anafariki. Hakuna uchawi mle. Mna mchezo wa watoto na msiba.

Mtoto anatofautisha?

Hoja ya "mtoto anajua si kweli" nayo ichunguzwe. Utafiti wa Kathleen Corriveau na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Cognitive Science, uliwauliza watoto wa miaka mitano na sita kama wahusika wa hadithi mbalimbali walikuwa watu wa kweli au wa kubuni. Hadithi za kawaida hazikuwapa shida. Zile zenye mambo yasiyowezekana ndizo zilizowatenga: watoto wanaolelewa katika dini walielekea zaidi kusema mhusika ni mtu wa kweli kuliko wenzao.

Wapo walioutumia utafiti huo kuidharau dini. Mimi nausoma tofauti. Mtoto aliyefundishwa kwamba bahari iligawanyika ana sababu nzuri ya kuuliza kama na jiwe hili lilipaa. Hajachanganyikiwa. Amefundishwa kwamba yasiyowezekana kwa mwanadamu yanawezekana, sasa anahitaji mtu wa kumsaidia kupambanua lipi limetoka kwa Mungu na lipi limetoka kwa mwandishi. Mtu huyo ni mzazi wake, na kazi hiyo haifanyiki kwa kufungia kitabu kabatini.

Mpaka wa mamlaka ya mzazi

Kumzuia mwanangu kusoma kitabu ni haki yangu. Kumzuia mtoto wa mwenzangu ni jambo jingine. Huko Cedarville, Arkansas, nchini Marekani, bodi ya shule iliamua mwaka 2002 kwamba vitabu vya Harry Potter viondolewe rafuni na vitolewe tu kwa mwanafunzi mwenye kibali cha mzazi. Wazazi wa msichana mmoja wakaenda mahakamani, na Aprili 2003 jaji wa shirikisho akaamuru virudishwe. Msichana huyo alikuwa tayari na ruhusa ya wazazi wake. Hata hivyo mahakama iliona kwamba kulazimika kuomba, na kujulikana kuwa unasoma kitabu kilichotiwa alama, ni mzigo tosha.

Kesi nyingine haisikiki sana, nami naiona ina mafunzo zaidi. Wazazi wa Woodland, California, waliupinga mfululizo wa vitabu vya darasani kwa sababu baadhi ya mazoezi yaliwataka watoto wajifanye wachawi na kutunga maneno ya kuimba. Mahakama ya rufani ilikataa hoja yao mwaka 1994, ikisema mazoezi yale hayakuwa ibada. Kisheria walishindwa. Lakini jicho lao lilikuwa limeona kile ambacho mimi sikukiona hadi nilipouona uzi: tofauti ya kusoma na kutenda.

Na kuna mahali hofu ikifika inakuwa hatari kuliko kitabu chochote. Mwaka 1994, katika kesi ya West Memphis, Arkansas, vijana watatu walitiwa hatiani kwa mauaji ya watoto watatu wa miaka minane. Mmoja alihukumiwa kifo. Upande wa mashtaka ulidai ilikuwa kafara ya kishetani, na miongoni mwa yaliyoletwa mahakamani ni vitabu alivyosoma mmoja wao na nguo nyeusi alizovaa. Waliachiwa mwaka 2011, baada ya miaka 18 kizuizini tangu walipokamatwa mwaka 1993, kwa makubaliano na upande wa mashtaka, vipimo vya vinasaba vikiwa havikuwahusisha. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya madhara yanayotokana na tuhuma za uchawi. Watoto ni miongoni mwa wanaopigwa, kufukuzwa na kuuawa kwa tuhuma hizo. Kwa hiyo namwomba mzazi mwenzangu kwa moyo wote: umemkuta mwanao na kitabu, hata kile kibaya kabisa, usimwite mchawi. Usilitamke neno hilo hata kwa hasira, hata kwa mzaha. Linaruka ukuta, linamfuata hadi shuleni.

Badala yake keti naye usome. Najua muda ni mfinyu. Soma walau sura ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Muulize anampenda nani humo na kwa nini. Mtazame kama analala vizuri, maana kuna kitabu kisicho na dhambi yoyote ambacho kwa mtoto wa miaka sita ni jinamizi tu. Na popote utakapokuta "usimwambie mtu yeyote", simama hapo. Siri anayotakiwa mtoto kumficha mzazi wake ina harufu mbaya, iwe kwenye kitabu cha uchawi au cha upishi.

Jioni ile sikumkaripia binti yangu, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimuuliza tu ameandika jina la nani. Alinyamaza, akaanza kulifungua fundo. Lilikuwa limekaza, ikabidi atumie meno. Ndani kulikuwa na jina la msichana wa darasani kwao, rafiki yake wa tangu chekechea, aliyehamia dawati lingine bila kumwambia sababu.

Tulizungumza habari za rafiki huyo hadi usiku, na tukamwombea kwa kumtaja jina, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Kitabu cha zambarau nilikirudisha shuleni mwenyewe nikamwonyesha mwalimu ule ukurasa. Kile cha joka nilikishusha kabatini. Tulikuwa tumefika mbali kidogo, yatima amekwisha kuokota fimbo yake, binti yangu alipoweka kidole kwenye mstari ili nisiendelee.

"Mama, hii fimbo kaiweka nani pale?"

Nikamwambia bado hawajasema. Akaondoa kidole.